Kilomita 248,000 zenye kitabu, au 96,000 zisizo na karatasi?

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Tunatafuta gari la familia. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, kwa hiyo tunahitaji viti 7. Kila siku litapeleka watoto shule, kilomita 9 kwenda, na mara chache kwa mwaka litasafiri kama kilomita 600. Fedha yetu ni ndogo na hatutaki kukopa. Baada ya kuzunguka sana tumebaki na magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja. Yote yana miaka 12, injini ya petroli ya lita 1.8 yenye mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu za injini), na giaboksi ya otomatiki ya kawaida, si CVT (isiyo na gia za hatua).

La kwanza limetembea kilomita 248,000. Mwenyewe amekuwa nalo kwa miaka 10, ana kitabu cha sevisi chenye mihuri hadi kilomita 241,000 na bahasha ya risiti. Mkanda wa taimingi umebadilishwa mara moja tu, kwenye kilomita 132,000. Lina michubuko, linavuja oili kidogo nyuma ya injini, na likisimama huku gia ikiwa D linatetemeka.

La pili mita inasoma 96,000. Linang'aa ndani na nje, hata injini imeoshwa. Kitabu hakuna. Ukiingiza rivasi linashtuka. Muuzaji anasema ni kwa sababu limekaa muda mrefu. Raba ya pedeli ya breki ni mpya na usukani umevalishwa kava. Chini ya boneti kuna kibandiko chenye maandishi ya kigeni, tarehe na namba 103,400. Muuzaji anasema hiyo ni namba ya kipuri. Bei yake imezidi ya la kwanza kwa karibu robo.

Shemeji yangu anayetusaidia kutafuta anashikilia tuchukue la pili, kwamba injini ikivuka laki mbili imekwisha, tutakuwa tumenunua maradhi. Mume wangu anasitasita. Je, kilomita 248,000 ni nyingi mno? Tukague nini, na tukishanunua tuanze na nini?

Mama wa Watatu

JIBU

Mama wa Watatu, salaam kwako na kwa shemeji.

Tuanze na kile kibandiko. Gereji nyingi zikibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi chini ya boneti au juu ya kifuniko cha mkanda, ikiandikwa tarehe na kilomita za siku hiyo. Mikanda mingi ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Namba 103,400 pamoja na tarehe, kwenye injini ya aina hiyo, inafanana mno na kumbukumbu ya kazi hiyo, na namba ya kipuri haina sababu ya kuandikiwa tarehe. Piga picha maandishi hayo kwa simu yenye programu ya kutafsiri. Yakisema mkanda, basi gari lilikwisha kupita 103,400 siku ile, na mita inayosoma 96,000 leo imerudishwa nyuma. Angalia tarehe pia: kama ni ya miaka 5 iliyopita, jiulize limetembea kiasi gani tangu hapo.

Raba mpya ya breki na kava la usukani vinaniongezea shaka. Kwa kilomita 96,000 ndani ya miaka 12, sawa na 8,000 kwa mwaka, raba ya breki haiwi imelika hata ihitaji kubadilishwa. Vua kava uone kama usukani umekuwa laini na kung'aa pale mikono inaposhika. Kisha tazama sehemu ambazo wanaoficha kilomita huzisahau: pedeli ya mafuta, mahali dereva anapopumzishia mguu wa kushoto, swichi ya kioo cha dereva, na ukingo wa kiti upande wa mlango, ambao huchakaa kwa dereva kuingia na kutoka. Linganisha na upande wa abiria. Baadhi ya magari huhifadhi kilomita pia kwenye kompyuta nyingine ndani ya gari, kwa hiyo fundi umeme mwenye mashine nzuri huweza kukuta namba mbili zisizolingana.

Hata bila hayo yote, mimi ningeliacha kwa sababu ya ule mshtuko wa rivasi. Kukaa muda mrefu hakuipi giaboksi tabia hiyo. Mshtuko hutokana na oili ya giaboksi iliyopungua au kuungua, maunti (mipira inayoshikilia injini na giaboksi) zilizokufa, valvu zinazoelekeza oili kuchoka, au klachi za ndani kulika. Mbili za mwisho ni za kufungua giaboksi, na kwenye gari la bei ya chini kazi hiyo inaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari zima. Kulipa robo zaidi kwa gari lisilo na kitabu, lenye shaka ya mita na giaboksi inayolalamika, siwezi kukushauri. Na injini iliyooshwa siku ya kuuzwa hakuna ajuaye inavuja wapi.

Shemeji ana hoja, ila ameiweka mahali pasipo pake. Injini ya petroli isiyo na tabo, iliyomwagwa oili kwa wakati na isiyowahi kuchemsha, inaweza kufika kilomita 300,000 na zaidi bila kufunguliwa. Inayoiua ni oili iliyochelewa, maji ya rejeta yaliyoachwa yaishe, na safari fupi za injini baridi, kwa sababu injini isiyopata joto huacha mvuke na petroli vikichanganyika na oili. Kilomita 248,000 kwa miaka 12 ni kama 20,700 kwa mwaka. Huo ni mwendo wa gari linalofanya safari ndefu, na safari ndefu haziichoshi injini kama mizunguko ya dakika tano. Kinachochakaa kweli kwenye kilomita nyingi ni vitu vya mpira na vinavyosuguana: bushi, maunti, mipira ya maji, shokapu, boljointi, beringi za magurudumu. Ni vingi, kimoja kimoja si ghali, lakini hufuatana. Ndiyo maana gari la namna hii halinunuliwi kwa fedha yote iliyopo mfukoni. Tengeni angalau robo ya bajeti kwa matengenezo ya miezi ya kwanza. Kama bei ya muuzaji haiachi robo hiyo, gari hilo limewazidi.

Kwa hiyo nendeni mkalikague la kwanza kwa makini, na kasoro yake kubwa hamkuiona kuwa kubwa. Si michubuko wala kuvuja. Ni mkanda wa taimingi. Toka kilomita 132,000 hadi 248,000 ni kilomita 116,000, na mkanda huzeeka kwa miaka pia, kwa hiyo umepitwa na wakati kwa vyovyote. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika pistoni hupiga valvu zilizobaki wazi, valvu zinapinda, na silinda hedi lazima ishuke. Mwulizeni fundi anayeijua injini hiyo kama nayo ni ya aina hiyo. Likinunuliwa, liende gereji moja kwa moja; safari ya kilomita 600 isubiri. Abadilishe mkanda pamoja na kikaza mkanda, rola, pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo, na sili za mbele za kamshafti na krankishafti. Ufundi wa kufika pale ni ule ule, na pampu ikifa miezi sita baadaye mtalipia kufungua mara mbili. Chukueni makadirio ya kazi hii kwa maandishi, muyaweke mezani mnapopatana bei. Ni hoja ambayo muuzaji mwenye kitabu hawezi kuipinga, kwa kuwa kitabu chake ndicho kinachosema.

Ukaguzi uwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambieni muuzaji mapema asiliwashe. Mkifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ahirisheni mje siku nyingine, maana injini yenye shida ya kuwaka au kutoa moshi huficha mengi ikishapata joto. Fungua kifuniko cha rejeta wakati huu wa baridi tu, kamwe si injini ikiwa ya moto, maji yatakuruka na kukuunguza. Ndani kuwe na kulanti (maji ya kupozea injini) safi ya rangi iliyokolea, iwe kijani, nyekundu, waridi au buluu. Maji matupu ya rangi ya kutu yanaonyesha mfumo uliopuuzwa, na utando wa oili juu yake unaashiria gasketi ya silinda hedi. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni ya kawaida, inafanya kazi yake ya kubeba uchafu. Inayotisha ni iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu maji yameingia. Utando mdogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee, huku kijiti kikiwa safi, unaweza kuwa mvuke wa safari fupi tu. Na chungulia ndani ya tundu la oili kwa tochi: chuma kiwe cha rangi ya kahawia nyepesi, si tope jeusi lililoganda.

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya injini, ya oili, ya chaji, ya ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) na ya mifuko ya hewa zote ziwake, halafu injini ikiwaka zizimike. Taa ya injini isiyowaka kabisa mwanzoni ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda kuna mtu ameizima. Fundi achomeke mashine ya kusomea kompyuta, asiangalie hitilafu tu bali pia kama vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia vimekamilika. Visipokamilika, huenda hitilafu zilifutwa siku hizo hizo, au betri ilichomolewa.

Sasa mmoja awashe, mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu unaotoka kwa mpigo mmoja wakati wa kuwaka huelekeza kwenye sili za valvu. Buluu inayoendelea kila ukikanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni, na huko ndiko kufungua injini. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe unaoyeyuka haraka kwenye baridi ni mvuke tu, lakini mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua.

Ule mtetemo wa kwenye D upimeni hivi. Mguu kwenye breki, toa gia D uweke N. Mtetemo ukipungua sana, mtuhumiwa wa kwanza ni maunti za injini, kazi ya kawaida kabisa kwa kilomita hizo. Ukibaki vile vile, au mlio wa injini ukirukaruka, basi silinda moja haichomi vizuri: plagi, koili, au uchafu kwenye throto (mlango wa hewa ya injini). Muwe mmejua ni lipi kabla ya kupatana bei.

Na uvujaji wa nyuma ya injini: fundi afuate unyevu kutoka juu kushuka chini, kwa tochi. Mara nyingi huanzia kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ambayo mpira wake hukakamaa kwa joto, oili ikateremka nyuma na kudanganya watu. Achomoe plagi pia. Vishimo vyake vikiwa na oili, gasketi hiyo ndiyo yenyewe, na kuibadilisha ni kazi ya saa chache. Lakini kama juu ni kukavu na oili inatokea pale injini inapoungana na giaboksi, hiyo ni sili ya nyuma ya krankishafti. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, ila giaboksi lazima ishushwe ili kuifikia. Kati ya majibu haya mawili, tofauti ya gharama ni kubwa kuliko michubuko yote ya gari hilo.

Plagi zikiwa nje, apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Kwa kilomita hizi sitamruhusu ndugu yangu anunue bila kipimo hiki. Injini ikiwa na joto, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, betri ina nguvu. Injini nyingi za petroli husoma kati ya bar 10 na 14, lakini la muhimu zaidi ni kulingana: silinda dhaifu isipungukiwe kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ikilinganishwa na yenye nguvu. Ikipungukiwa, fundi atie kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda hiyo apime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki pale pale, tazameni valvu au gasketi.

Mwendo wa majaribio uwe wa dakika 30 au 40, si kuzunguka mtaa. Ukiingiza D au R gari liitikie ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. Gia zikipanda, sikiliza kama injini inapiga resi huku gari halijaongeza mwendo. Hiyo ni giaboksi inayoteleza, na mjadala wa bei uishie hapo. Oili ya giaboksi ikiwa na kijiti cha kupimia, iwe nyekundu au kahawia nyepesi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ikataeni. Kwenye eneo wazi, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole pande zote mbili: mlio wa tak-tak-tak ni jointi za eksel. Mlio wa kuvuma unaokua na mwendo na kubadilika ukipinda ni beringi ya gurudumu. Kwenye matuta utasikia bushi na linki zikigonga. Hizo hazipaswi kuwafukuza, andikeni tu kwenye orodha. Kwa breki, shika kwa nguvu ukiwa kilomita 60 kwa saa mahali salama: gari lisivutwe upande, usukani usitetemeke. Likiwa limesimama na injini inanguruma, kanyaga breki kwa nguvu sekunde 30. Pedeli ikizama taratibu, mastasilinda (pampu kuu ya breki) inavujisha ndani.

Mkirudi, liacheni likinguruma dakika 15 na kiyoyozi kikiwaka. Mshale wa joto utulie mahali pake na feni ya rejeta iwake na kuzima. Gari linaloelekea kuchemsha mara nyingi hujionyesha hapa. Lizimeni, subirini dakika 5, liwasheni tena, kisha mtazame sakafu palipodondokewa. Chini ya gari mwangalie kutu kwenye vizingiti vya milango na mahali mikono ya magurudumu inapofungwa. Kutu ya juu juu si neno. Chuma kinachobonyea kwa kidole hakifai.

Kwa gari la watoto kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza. Vuta mkanda wa kiti, yote 7, hadi mwisho wake kabisa. Sehemu iliyojificha ndani ya kitunzio ndiyo inayosema ukweli: tope au mstari wa madoa ni gari lililozama kwenye maji, na nyuzi zilizochanika ni mkanda wa kubadilisha. Mikanda mingi ina lebo ndogo yenye mwaka wa kutengenezwa. Mkanda mpya zaidi kuliko gari unastahili maelezo, kwani huenda ulibadilishwa baada ya ajali. Ulizieni pia ISOFIX (vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto) kama viti vya watoto wenu vinaitumia. Halafu ingieni kwenye tovuti ya mtengenezaji na nambari ya chasisi, mwone kama gari liliitwa kurekebishwa kiwandani. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, ilisababisha mwito mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari. Nchini Marekani peke yake uligusa mifuko zaidi ya milioni 60. Kemikali iliyo ndani huharibika kwa joto, unyevu na umri, na mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma. Gari la miaka 12 linaweza kuwa mojawapo, na watengenezaji hubadilisha bure. Nambari hiyo hiyo ya chasisi ilingane na kadi ya gari, na jina la kwenye kadi liwe la anayewauzia.

Mambo matatu yawafanye muondoke bila kupunguziwa bei: oili na maji vimechanganyika, giaboksi inateleza, au kompresheni hailingani. Likikutwa na mojawapo, tafuteni la tatu, msirudi kwa lile linalong'aa. Likifaulu, lichukueni.

Baada ya mkanda, wiki ya kwanza mmwage oili ya injini na filta yake. Injini ya lita 1.8 kwa kawaida hubeba lita 4 hivi, lakini kiasi na gredi vifuate kitabu cha gari. Wekeni filta ya hewa, plagi 4, kulanti mpya iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na oili ya breki, ambayo hunyonya unyevu na hubadilishwa kila miaka 2. Oili ya giaboksi ikimwagwa kwa kufungua nati ya chini hutoka sehemu tu, mara nyingi chini ya nusu, kwa hiyo irudieni baada ya kilomita elfu chache, kwa aina ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Kuisukuma yote kwa mashine ya presha kwenye giaboksi ya umri huu sishauri.

Kisha kipimo cha oili kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limesimama pa tambarare. Likila nusu lita kwa kilomita 1,000, ongezeni na mwendelee kulitumia. Likifika lita nzima, lipelekeni kwa fundi kabla ya safari ndefu inayofuata.